Nyumba Isiyo na Mzee

Wilf,

Supu ya njegere iko kwenye friji. ~~Nibakizie kidogo.~~ Imalize tu, leo sirudi. Nimekwenda kwa dada yangu Doreen, ambako boila ya kupasha nyumba joto inafanya kazi.

Yetu usiiguse. Umeshaizaba makofi ya kutosha.

Wiki nzima ulinichosha na bima: tuchukue ya boila peke yake, au ile ya boila pamoja na mabomba na redieta zote za kupasha vyumba joto? Ukachukua kubwa. Hongera, hapo sina neno. Leo asubuhi boila imezimika, madirisha yameganda barafu kwa ndani, nikajisemea afadhali tuna bima. Binti wa bima akakuuliza kwa adabu kama nyumbani kuna mzee, maana wenye wazee hutumiwa fundi siku hiyohiyo. Nawe ukavuta tumbo ndani, utadhani anakuona kwenye simu: "Mzee? Hapa hakuna mzee, mwanangu. Wahudumieni kwanza hao wazee, sisi tutasubiri."

Una miaka sabini na tisa, Wilf! Viatu vyenyewe nakufungia kamba mimi.

Basi fundi haji mpaka Alhamisi. Chupa ya mpira ya maji moto ya kujipashia kitandani nimeondoka nayo, kijana haihitaji. Soksi za sufu ziko kwenye droo.

Ukichoka kutetemeka, wapigie tena. Waambie kuna mzee mmoja nyumbani, tena yuko peke yake. Wakiuliza ni nani, usinitaje mimi. Mimi nimeshaondoka.

Mkeo,
bibi wa wajukuu wako wote