Santuri ya Baba

Alhamisi

Na Fidèle hata hakuniuliza. Kaka yangu mwenyewe alibeba santuri zote za marehemu Baba akampelekea muuzaji wa Gisimenti, hapa Kigali, eti siku hizi vijana wanazitafuta kama dhahabu. Akabeba na ile ambayo Baba mwenyewe anaimba, aliyorekodi Bujumbura kabla sijazaliwa. Hatuna sauti yake mahali pengine popote.

Mama amezidiwa, na kila siku anaiomba. Naogopa ataondoka bila kuisikia.

Leo nilikwenda Gisimenti.

"Dada, ile haiko tena," muuzaji akaniambia. "Ilichukuliwa na mtu wa resto. Iko Kagugu."

Nikapanda pikipiki mpaka kwenye mgahawa huo wa Kagugu. Niliiona kabla sijakaa. Imetundikwa ukutani na nyingine nyingi, iwe pambo, na misumari imepita katikati ya mistari yake. Mhudumu alinionea huruma, akajaribu kuing'oa. Ikapasuka vipande viwili mikononi mwake, akaanza kulia, na mimi sikuwa hata na nguvu ya kumbembeleza.

Njia nzima ya kurudi Niboye nilikuwa najiuliza nitamwambia nini Mama. Kwamba santuri...

Hakuniuliza. Aliona uso wangu, akageukia ukuta. Nikaketi kitandani kwake nikauimba mwenyewe ule wimbo wa Baba, vibaya, sauti inakatika.

"Siyo yeye," Mama akasema.

Nikanyamaza.

"Sasa nani amekuambia unyamaze?"