Laptop Yako Imewaka, Mama Upendo

Mke wangu, Mama Upendo,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza ileile uliyokuwa ukisahihishia madaftari. Laptop yako iko mbele yangu. Kesho binti yetu anaondoka nayo kwenda chuo cha ualimu Songea.

Ulipofariki, wifi yako Skola alikusanya vitu vyako na kuvifungia stoo mpaka tumalize msiba, kama ilivyo desturi yetu. Kwa kuogopa wezi, laptop akaitumbukiza ndani ya gunia la kahawa, ile ya maganda uliyoianika mwenyewe. Siku ya kugawa vitu tukaitoa, tukachomeka chaja, tukailazimisha, kimya. Skola akasema, "Imekufa na mwenyewe. Msiichokonoe." Vitenge vyako vikapata watu, laptop ikaenda kabatini. Sikubisha. Niliyapenda maneno yale, niliona angalau kuna kitu ulichoondoka nacho.

Upendo hakukubali. Unamjua, ubishi ule ni wako mtupu. Juzi akaileta mezani. Akabadilisha soketi, akabadilisha waya, kisha akaazima chaja yenye nguvu, maana ile ya simu tuliyokuwa tukichomeka haiiwezi. Wapi. Ndipo akamulika tochi kwenye kile kitundu cha USB cha kuchajia.

"Baba, njoo uone."

Kumejaa maganda ya kahawa, tumeyashindilia wenyewe kwa waya. Akahakikisha imezimwa, akayatoa taratibu kwa kijiti cha kuchokolea meno. Sindano nilimletea mimi, akaikataa, akasema chuma kitaiunguza mashine. Alipochomeka tena, taa ndogo ikawaka. Nililia, Mama Upendo, wala sikujificha.

Leo akataka kuiongezea memori, kwa sababu inafanya kazi polepole. Hapo nikawa mkali. Humo ndani umo wewe, na zile hadithi za bibi yako ulizokuwa ukirekodi hapa nyumbani kila likizo, uwapelekee wanafunzi wako wa darasa la pili kule Lipingo ulikofundisha. Sauti yako haipo mahali pengine popote. Nikamwambia, "Hufungui hata skrubu moja kabla hujamtoa mama yako."

Akazinakili zote kwenye flashi. Kisha akazima, akachomoa chaja, akafungua mfuniko, akatoa waya wa betri. Akashika nondo ya dirisha kwanza, eti mwili una umeme wake unaoweza kuua memori. Akaipachika, akarudisha betri, akawasha.

Kioo cheusi. Nikakaa. Yeye hata hakunitazama. Akazima, akatoa tena waya wa betri, akaipachika memori upya, safari hii akaikandamiza mpaka ikalia ta, akarudisha waya, akawasha. Ikawaka.

"Tuhakikishe," nikasema.

Akafungua hadithi ya kwanza. Redio yangu ilikuwa ikinguruma pale dirishani kama siku zote. Tangu uondoke ndiyo inayojaza nyumba. Sauti yako ikaanza, "Hapo zamani za kale, huko milimani..." Halafu ukakatisha. Ukaniita.

"Baba Upendo, hebu zima hiyo redio. Narekodi."

Nikainuka, nikaizima.

Upendo amekwenda kufunga begi. Nyumba imetulia, na redio sijaiwasha tena. Pumzika, mke wangu. Endelea na hadithi yako, nakusikiliza.

Mimi mumeo,
Baba Upendo