Jina Lako Nimempa Kagendo

Kiirua, shuleni

Mama yangu mpenzi,

Na lile la maji ya kuoga sikukumalizia siku ile, kwa sababu shangazi aliingia tukaona haya. Ni kweli, Mama. Mwenda huamka kabla yangu, huwasha jiko, hunipashia maji, halafu huniamsha kwa kuimba zaburi kwa sauti mbaya kabisa. Sijui niliishi vipi kabla ya sauti hiyo mbaya. Tangu harusi ya Desemba mpaka leo sijamzoea. Akiingia na vumbi la chaki kwenye koti, moyo wangu huruka kama wa mtu aliyepata mgeni. Ulinionya kwamba baridi ya huku ingenitoa machozi, na imenitoa, hasa asubuhi Mlima ukiwa wazi na upepo ukishuka kwenye mashamba ya ngano. Lakini mwenye mume kama wangu ataulalamikiaje upepo?

Magoti yako yanaendeleaje? Yule mbuzi mwekundu alizaa salama? Na Baba, bado anabishana na watu wa kiwanda cha kahawa? Sisi kwa mwili ni wazima. Kwa mengine, Mama, vuta kigoda ukae kwanza, kwa maana barua hii inakuhusu wewe.

Unajua masista walinipa kazi ya umatroni katika bweni la kidato cha pili, na Mwenda anafundisha dini. Siku zetu huendeshwa na kengele: Misa kabla ya uji, Malaika wa Bwana saa sita mchana, rozari jioni. Wakati wa Kwaresima wasichana waliacha sukari kwenye uji kwa ajili ya maskini, ingawa mimi ninayekagua masanduku najua ni akina nani waliokuwa wanailamba kwa kidole. Shule hupokea watoto wa madhehebu yote, na wote husoma dini kwa ajili ya mtihani. Wale wanaotaka kubatizwa hukaa na Mwenda baada ya masomo, wakijiandaa kwa mkesha wa Pasaka.

Jioni moja nilipita dirishani mwa darasa lao. Nisiseme uongo, nilikwenda kumtazama mume wangu. Alikuwa anawafundisha kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa na padre hayupo, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza kwa maji na kwa majina yale matatu matakatifu. Alikuwa ameomba boga jikoni, akalifunga leso kama mtoto mchanga, na kila msichana alilishika na kulimwagia maji. Walicheka mpaka madawati yakalia. Kisha msichana mmoja mwembamba akainua mkono.

"Mwalimu, na boga likipona?"

"Likipona limeshabatizwa, Kagendo. Haliwezi kurudi kuwa boga la kawaida."

"Basi jikoni watalipikaje?"

Hata Mwenda alicheka. Huyo ndiye Kagendo, Mama. Alikuwa wa kwanza katika katekisimu na wa mwisho kutandika kitanda, na nilimpenda tangu siku hiyo.

Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee M'Arimi, mkulima wa viazi upande wa msitu. Mwenda alipokwenda kumwomba ruhusa, mzee alimkaribisha vizuri, akamwambia, "Msomeshe dini yenu apate alama nzuri. Lakini maji msimmwagie." Alieleza sababu. Kagendo amepewa jina la mama mzazi wa huyo mzee, na tangu azaliwe mzee hamwiti mtoto, humwita "Mama". Kijana wake mkubwa alibatizwa mjini akiwa na jina la babu yake. Leo ukimwita kwa jina la babu haitiki, anataka lile la kizungu tu. "Baba yangu nimeshampoteza hivyo," mzee alisema. "Mama yangu mniachie." Mwenda alirudi akamwambia Kagendo asubiri awe mtu mzima. Alilia siku nzima, lakini alikubali.

Kisha, katikati ya Kwaresima, akapatwa na homa ya mapafu. Bwenini alianza na kikohozi tu. Kufika Ijumaa alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima, na midomo imekuwa ya bluu. Muuguzi wa zahanati akasema apelekwe Meru mjini mara moja. Sista Mkuu akashika usukani wa pikapu ya shule, nami nikakaa nyuma chini ya turubai, kichwa cha Kagendo mapajani mwangu. Mvua ilikuwa inanyesha, na barabara ni ile unayoijua. Tulikwama kwenye tope. Nikamsikia Sista akishuka kwenda kutafuta watu wa kusukuma, na hapo ndipo pumzi ya mtoto ilipoanza kukatika. Inakuja, inakawia, inakuja. Nilimwita hakuitika. Halafu akafungua macho, akaniangalia, akasema neno moja.

"Boga."

Nilimwelewa, Mama. Nilikuwa na chupa ya maji yaliyochemshwa kwa ajili ya dawa, yalikuwa bado vuguvugu. Kifuniko kilinishinda, nikakitoa kwa meno. Nilijua maneno. Lakini nilijua pia, kama tunavyojua sote tangu utotoni, kwamba mtu habatizwi bila jina la Kikristo, naye hakuwa na nguvu ya kuchagua. Jina lililonijia mdomoni ni lako. Nikasema, "Agneta, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Nikammwagia mara tatu. Maji yakashuka kwenye sketi yangu, nikalia, nikamshika nikingoja afe.

Hakufa. Vijana walisukuma gari, tukafika hospitali, wakampa hewa na sindano, na baada ya siku chache nilimkuta amekaa kitandani akila ndizi. Aliponiona mlangoni alisema kwa sauti iliyokauka, "Matroni, limepona." Sijawahi kuwa na furaha kama ile isipokuwa siku ya harusi yangu.

Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Mzee M'Arimi aliingia amebeba kibuyu cha uji, koti limelowa, akasema, "Mama, umeamkaje?" Na mimi, Mama, unanijua nilivyo, nikifurahi mdomo wangu hauna mlango. Nikamshika mkono, nikasema, "Mzee, Mungu ni mwema. Tulikuwa tumeshakata tamaa, hata nilikuwa nimeshambatiza Agneta."

"Nani?"

"Agneta."

Aliweka kibuyu sakafuni taratibu sana. Alimwangalia binti yake, kisha akanigeukia. "Mama yangu alikufa mara moja nikamzika," alisema. "Wewe umenizikia mara ya pili." Akatoka. Hakunitukana wala hakupaza sauti, na nimetamani mara nyingi kwamba angenitukana.

Kagendo aliporuhusiwa kutoka, alichukuliwa moja kwa moja nyumbani, na sanduku lake likaja kuondolewa bwenini. Mzee alimwambia Sista Mkuu kwamba hasomeshi tena. Mwenda ameondolewa katika darasa la wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, kwa kuwa mzazi alikataa na sisi tukafanya. Nilimwambia aseme ni mimi peke yangu. Alisema, "Boga nililileta mimi." Siku hiyo hiyo alinipikia viazi na kunikanda miguu, na hajanilaumu hata kwa jicho. Mkesha wa Pasaka tulikaa nyuma kabisa kanisani, mishumaa yetu mkononi, tukitazama wenzake Kagendo wakimwagiwa maji.

Nilikwenda kwa Padre nikitaka aniambie nilitenda vyema. Alisema ndiyo, mtoto alitaka na kifo kilikuwa karibu, ubatizo ni halali na hauwezi kuondolewa. Kisha akavua miwani. "Lakini jina hilo lilitoka wapi, binti yangu? Ungembatiza Kagendo. Mungu anamjua Kagendo." Nikarudi nyumbani nikamweleza Mwenda. Mwenda anasema hata yeye, mwalimu wa dini, kila mtoto aliyemwandaa alimwambia achague jina la mtakatifu, na hakuna hata siku moja aliyosema kwamba si lazima.

Juzi tulikwenda kwa mzee na sukari na majani ya chai. Alitupokea, mke wake akatupa uji. Kagendo alikuwa nyuma ya nyumba anachagua viazi vya mbegu, amekonda, na alipotusikia hakusogea. Nilipiga magoti nikaomba msamaha. Nikamweleza maneno ya Padre, kwamba mtoto anaweza kubaki Kagendo maisha yake yote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Jina mlilompa ni la nani?"

"La mama yangu. Yuko Karurumo, Embu."

"Yuko hai?"

"Yuko hai, Mzee."

"Basi mtoto ana mwenyewe. Mpelekeni kwa mwenyewe."

Mwenda alijaribu kusema, mzee akainua mkono. Tulipofika langoni, mama yake Kagendo alitufuata akijifanya anafukuza kuku. Aliongea haraka. "Baba yake hamwiti tena 'Mama'. Hamwiti kwa jina lolote. Anasema 'huyu'. 'Huyu apewe chakula. Huyu achote maji.' Mchukueni kabla mtoto hajazoea."

Kwa hiyo ninakuomba, Mama. Najua umekaa miaka mingi ukingoja mtu wa kubeba jina lako, na najua ulitaka awe mtoto wa tumbo langu. Huyu ana miaka kumi na mitano, anakula sana, anauliza maswali, na kifua chake kinahitaji joto la huko kwenu. Shule ya kutwa ya parokia si mbali. Ana akili ya kupita mtihani wowote. Kama nyumba haitoshi, kama Baba hataki, niambie ukweli na nitatafuta mlango mwingine. Lakini ukimpokea, nakuomba jambo moja. Usimwite wajina wako, wala usiruhusu mtu yeyote hapo nyumbani amwite Agneta. Mwite Kagendo. Mwite kwa sauti, hata mbele ya majirani, hata kanisani. Watu wa Meru hupita hapo kwenu Runyenjes kuuza viazi. Siku moja mmoja wao atarudi amwambie mzee kwamba huko Embu kuna mama mzee anayesimama mlangoni akiita jina la mama yake.

Msalimie Baba, na umwambie koti alilonipa limeniokoa. Msalimie shangazi aliyetukatiza mazungumzo, na kaka yangu fundi wa baiskeli, na bibi wa jirani aliyenisuka siku ya harusi. Mwambie kwamba mume wangu bado anazisifu zile nywele. Mwenda anakusalimu kwa heshima, amekaa hapa ananishikia taa, na ananikumbusha niandike kwamba ni yeye atakayebeba sanduku.

Shule imefungwa, njia zimekauka. Kabla mwezi huu haujaisha utatuona tukipanda kutoka barabarani, watu watatu. Yule mwembamba wa katikati ndiye Kagendo.

Binti yako akupendaye,
Wanja