Bageni na Bahari ya Papa

Gracieuse, mama,

Nimeenda Beni kwa matanga, nitarudi magaribi. Sombe iko kwa sufuria.

Maji ya ile aquarium ya vioo papa yako anafugia samaki ya bahari ikipunguka, ongeza maji ya mvua tu. Hapana chumvi! Chumvi haitoki na mvuke, inabakia ndani. Samaki ni mumoja, tusimuuwe.

Asubuhi tumegombana na papa. Mama Orpa jirani aliingia kusalimia, akachovya kidole ndani, akalamba: «Eh, kumbe ni bahari ya kweli!» Na kidole ilikuwa na mafuta ya beignets, mandazi yake. Papa akapandisha sauti: «Godelive, chagua! Samaki yangu ao bageni bako!»

~~Funga mulango, mutu asiingie.~~ Hapana, acha wazi. Nyumba bila bageni ni depo ya kuwekea vitu tu.

Pembeni nimeweka kikombe ya maji na chumvi yetu ya jikoni. Mugeni akitaka kuonja bahari, aonje pale.

Lakini papa usimwambie. Mbele ya kutoka nimemuonjesha ya kikombe bila kusema imetoka wapi, akafumba macho: «Voilà! Chumvi ya jikoni haiwezi kufika hapa.»

Mama yako, mwenye bageni