Saa za Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Miguu imevimba tena. Nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi, naandika huku Mama akinicheka kutoka kitandani – ati nikiendelea hivi nitavaa viatu vya marehemu Baba. Acheke tu. Wiki iliyopita saa arobaini na saba, wiki hii nimepangiwa arobaini na nne. Dukani wameshanibatiza Mama Ovataimu. Jina nimelizoea.

Wanaonicheka hawajui ninachokifukuzia. Robo mwaka inaisha tarehe thelathini. Wiki kumi na tatu, na wastani wako usipungue saa thelathini na mbili kwa wiki. Ukifika, wewe mfanyakazi kamili na bima inaendelea. Usipofika, wewe kibarua, na bima inakatwa – yako na ya unaowatunza. Mama anasafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa, figo zake zimegoma. Bila bima hiyo sina pa kumpeleka. Sina kabisa.

Januari walitubana, saa ishirini na kitu kila wiki. Kwa hiyo tangu Februari naweka akiba. Ndivyo tunavyofanya sote pale: wiki zikiwa nono unajaza, zikikonda unabebwa na zile nono. Shangazi wa Sabuni ndiye aliyenifundisha nilipoanza kazi. Si shangazi wa mtu pale. Ni mkubwa kuliko sisi sote na rafu yake ni ya sabuni, basi.

Alhamisi, 6 Machi

Ratiba ya wiki ijayo imebandikwa mlangoni pa stoo. Nimepewa ishirini na nne! Nikaisoma mara ya pili, nikidhani nimeshuka mstari.

Tabasamu – msimamizi wetu, meno nje tangu asubuhi hadi tunafunga – akasema nimejituma mno, nipumzike, mwili si chuma. Nikamshukuru. Nikamshukuru, jamani!

Ila sikuogopa sana. Akiba ninayo. Hata muuza nyama alipotaka nimshikie zamu yake ya Jumamosi ya wiki ijayo nilikataa. Nilitaka kulala kama watu wengine.

Jumanne, 11 Machi

Simu haziruhusiwi tukiwa kazini, zinakaa kabatini. Yangu, Jumanne na Ijumaa, inakaa ndani ya aproni. Leo ikatetemeka nikiwa napanga unga. Muuguzi: presha ya Mama imeshuka wakiwa katikati ya kumsafisha. Nikakimbilia stoo kuongea, Shangazi akasimama mlangoni akijifanya anahesabu makatoni. Tabasamu akapita. Shangazi akamuuliza habari za bei mpya, akamshika kwa maneno mpaka nikamaliza. Presha imepanda tena, namshukuru Mungu.

Nikamwekea Shangazi katoni la sabuni ya maji akae kidogo. Magoti yake yamekwisha. Kukaa nako kumekatazwa, ati mteja akikukuta umekaa atadhani duka limekufa. Nikamwambia sasa tumekuwa majambazi wawili. Akacheka mpaka akakohoa.

Alhamisi, 13 Machi

Ishirini na mbili.

Nimemkumbuka Mama Pacha wa kaunta ya tatu. Robo iliyopita saa zake zilianza kuyeyuka hivihivi, wiki tatu kabla ya mwisho. Robo ilipoisha nikakuta kufuli la mtu mwingine kwenye kabati lake. Tulisema alikuwa mvivu. Mimi ndiye niliyelisema kwa sauti kuliko wote, tena nikitafuna.

Shangazi amepewa thelathini na sita. Wengine wote wako kawaida. Mimi tu.

Jumanne, 18 Machi

Nimeenda ofisini kwa karani wa mishahara ili moyo utulie. Afadhali ningebaki na wasiwasi wangu.

Karani, binti mpole, akanigeuzia skrini nione mwenyewe. Saa zinazozidi arobaini kwa wiki unalipwa vizuri tu. Kwenye wastani haziingii. Zinakatwa pale pale. Nikamwambia hapana, hiyo ni akiba, sote tunaweka akiba! Akasema amewahi kusikia hilo neno dukani, ila hajui lilitoka wapi. Mkataba haulijui.

Usiku ule wote, miguu ile yote! Nilikuwa najaza ndoo iliyotoboka. Na zamu ya muuza nyama nikaikataa ili nilale.

Hesabu yenyewe ni hii: wiki ya mwisho nahitaji saa thelathini na nane. Nilipotoka nikakaa kwenye ngazi mpaka mwanga wa ukumbini ukazimika wenyewe.

Sijamwambia Shangazi. Yeye aliniambia alichoambiwa na waliomtangulia.

Alhamisi, 20 Machi

Ishirini. Zimebaki kumi na nane nizitafute kwa mtu.

Nimezunguka duka zima. Muuza nyama akasema pole dada, safari hii hapana, akaendelea kunoa kisu ambacho kilikuwa kikali tayari. Wa mboga akajitia ana mteja. Kila mtu amekumbatia zake, na mimi nisingempa mtu hata moja. Shangazi akanishika mkono. Mwanangu, akasema, ningekupa, lakini na mimi niko ukingoni. Mumewe ana sukari, mguu mmoja wameshaukata, wa pili wanaupigania kwa bima hiyohiyo. Nilijua. Nilimuuliza hivyohivyo.

Tabasamu anasema yeye hapangi mtu, kompyuta ndiyo inapanga. Na kompyuta haina uso wa kuangalia.

Naogopa. Neno hilo naliandika hapa kwa sababu nyumbani siwezi kulitamka.

Jumamosi, 22 Machi

Tabasamu aliniita, akafunga mlango, akanipa peremende. Akasema saa zipo, dada, saa haziishi, tatizo zina wenyewe. Halafu akasema amesikia kuna watu wanakaa chini stoo. Yeye hajaona. Akipata mtu mmoja tu aliyeona, basi huyo mkaaji atapumzishwa wiki nzima, na zamu zake zitatafuta mwenyewe.

Hakutaja jina. Akaniuliza kama najua rafu ya sabuni inamaliza mzigo wake saa ngapi.

Ningesema hapana. Neno fupi, hata mtoto analiweza. Nikasema nitafikiria. Akasema jibu Jumatatu, akanifungulia mlango kama anayemfungulia bibi harusi.

Peremende niliila. Sijui kwa nini hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 23 Machi

Mama ananiuliza mbona sili. Nimemwambia tumbo. Akasema kama ni habari ya gharama zake nimpeleke kwa kaka yake akafie huko kwa raha zake. Nikamgombeza. Mama yangu mgonjwa nikamgombeza, kisha nikamwosha miguu naye akalala akiwa amenuna.

Nilimwona Shangazi amekaa. Hilo ni kweli, si kumsingizia. Mtu akikuuliza ulimwona, unajibu nilimwona. Katoni nani aliliweka, hilo hataniuliza.

Nimeirudia sentensi hiyo mpaka imekuwa laini mdomoni.

Jumatatu, 24 Machi. Asubuhi

Ratiba imebadilishwa! Ile ya Alhamisi imebanduliwa. Yangu bado ishirini. Ya Shangazi ilikuwa thelathini na sita, sasa ni kumi na nane. Zile zilizokatwa hajapewa mtu, mstari mtupu. Zinaning'inia pale mlangoni kila mtu azione.

Shangazi alikuwa ameshaisoma. Hakupandisha sauti. Aliniambia kwamba Jumamosi na yeye aliitwa, baada yangu. Mazungumzo tu, akasema. Kisha akaniuliza mama anaendeleaje, na kama hospitali bado wananipigia saa za kazi.

Miaka yote hii hajawahi kuniuliza hilo. Siku ile ya simu alikuwa mlangoni, anajua jibu.

Nikasema mama hajambo. Nikamuuliza magoti. Akasema hayajambo. Tukasimama pale kama watu waliokutana msibani, halafu kila mmoja akaenda kwenye rafu yake.

Jumatatu, mchana

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Tabasamu. Tumeitwa wote wawili, na aliyetangulia kuingia ni Shangazi. Amekaa humo muda mrefu. Mwanzoni nilimsikia Tabasamu akicheka. Sasa sisikii kitu, kikohozi tu, kile cha Shangazi.

Nimejaribu kutunga sentensi nyingine. Ningeweza kusema katoni niliweka mimi. Ningeweza kusema sikuona mtu, nilikuwa kwenye unga. Kila nikianza namwona Mama kwenye kile kiti cha hospitali, mipira ya damu mkononi, akimtania muuguzi.

Na yeye humo ndani anamwona mumewe. Namjua. Ni mtu mwema kuliko mimi, na ana mguu mmoja wa kuokoa.

Kama ameshasema yangu, basi mimi nikisema yake si dhambi. Kama hajasema… Mbona anakawia hivyo?

Mlango umefunguliwa. Shangazi anatoka, anafunga kitambaa chake upya. Amenipita. Ameniwekea mkono begani kidogo, mzito, bila kuniangalia. Sijui ndiyo ananiomba radhi, ama ananiombea. Ameshuka ngazi taratibu, ngazi moja moja, kwa sababu ya magoti.

Tabasamu siku zote huniita dada. Sasa hivi ameniita kwa jina langu kamili, lile la kwenye mkataba.

Sentensi ile ya jana, nilimwona, iko tayari mdomoni. Nyingine hazijaja. Nimeshasimama, naandika nikiwa wima