Mpira Mmoja wa Petroli

Shoga Nuru, gari la baba mkwe limeungua! Lile jekundu la spoti, la tangu ujana wake. Limeungua hapa Chuno na mzee akiwa ndani.

Ni mzima. Mustafa kamtoa. Mume wangu mikono imembabuka, ila mzee hana hata mchubuko.

Unajua Mustafa alivyohangaika nalo. Kaosha tangi mpaka kutu ikaisha, kasafisha kabureta, kabadilisha mipira yote ya kupitishia petroli. Yote isipokuwa mmoja, ule mfupi unaoingia kwenye kabureta. Akasema bado unafaa. Mmoja, Nuru!

Leo mzee kapanda, anaendeshwa na Mustafa, anacheka peke yake. Hawajafika hata msikitini akasema, "Mustafa, nasikia harufu ya petroli." Mwenzangu akamjibu, "Kawaida, baba, gari la zamani hili."

Kawaida! Hapo hapo boneti ikafuka moshi, kisha moto.

Sasa wamerudi nyumbani, mzee anamwuliza, "Ule mpira wa kwenye kabureta uliubadilisha?"

Mustafa akasema, "Ndiyo, baba."

Ndiyo, shoga! Kasema ndiyo!

Mzee akainama. "Basi kosa langu. Nilikuharakisha, nikataka nilipande kabla sijafa." Analia. Mzee wa miaka themanini anamwomba mwanawe msamaha!

Nimemwambia Mustafa akaseme ukweli, kanijibu, "Nenda wewe, mimi siwezi."

Nimesimama mlangoni kwa mzee. Ameshaniona. Ananiita niingie.