Siku Nne Bondeni na Jicho

Jumanne, 11 Juni

Tumefika! Miguu yangu hainitaki tena, lakini tumefika. Kibanda cha mbao, vitanda viwili vya chuma, dirisha moja – na nje, bonde. Sijui nianzie wapi. Ni kama mtu alikuwa na makopo mengi ya rangi akakosa ukuta. Nyekundu ya kutu, kijani, samawati iliyopauka, na mvuke unatoka ardhini kila mahali. Harufu ya yai viza. Mume wangu akanitazama mimi! Nikamwambia asinisingizie.

Binti yetu ndiye aliyetutuma. Miaka ishirini na sita mnauza rangi, alisema, na hamjawahi kupumzika hata siku tatu. Duka amebaki nalo yeye. Nimebeba kadi ya rangi, ile yenye namba mia na ishirini. Mume wangu akaniuliza nimekuja kupumzika au kufanya kazi. Mazoea yana taabu.

Jumatano, 12 Juni

Saa tano za kutembea. Kiongozi wetu ni mwanamke mfupi, anaongea kidogo, anapanda kama mbuzi. Sheria yake moja tu: kigingi cheupe, pita. Kigingi cha manjano, usikanyage – udongo hapo ni ganda jembamba na chini yake maji yanachemka.

Siku nzima nimelinganisha vilima na kadi. Cha kwanza ni namba 47, sina shaka. Cha pili nikabishana na nafsi yangu, nikamuuliza Jicho. Ndilo jina la mume wangu mtaani, maana anachanganya rangi kwa macho tu. Mashine ya dukani anaiita mdoli. Akakitazama kilima, akaniambia, "Unajua mwenyewe." Mtu huyu! Nikizidisha tone moja hunikosoa mbele ya wateja. Kumbe hewa ya mlimani inamlainisha.

Anatembea nyuma yangu, anakanyaga ninapokanyaga. Nimemwita kivuli. Hakucheka.

Jioni tuliingia kwenye bwawa la maji moto. Goti langu limesahau umri wake. Raha!

Alhamisi, 13 Juni

 Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nilisimama kufunga kamba za buti. Jicho akapita mbele. Njia ikagawanyika, kigingi kila upande. Akashika ya kushoto bila kusita. Kigingi cha manjano! Mtoto mdogo angekiona. Nikapiga kelele. Kiongozi akamdaka kwa kuvuta mkoba wake wa mgongoni, wote wawili wakaanguka chali. Kisha kiongozi akagonga kwa fimbo pale mguu ulipokuwa unaelekea. Ganda likavunjika, mvuke ukatoka ukifoka.

Kiongozi akamuuliza kwa upole kama amesahau sheria. Akasema alikuwa na mawazo. Halafu akanitazama, nikaona ananiogopa mimi kuliko ule mvuke.

Nilitembea nikijumlisha. Makopo saba yaliyorudishwa tangu Januari, wateja wakilalamika wametaka nyeupe wakapewa krimu. Mimi nikailaumu mashine, fundi nikamwita mara mbili! Taa ya chumba cha kuchanganyia, kila siku anadai ni hafifu, na balbu tunabadilisha. Nalala naye kitanda kimoja na sikuona. Kipofu ni nani hapa? Nilikasirika, nikamhurumia, vyote kwa pamoja.

Mchana alikaa juu ya jiwe, kofia mkononi, akasema mwenyewe.

"Kila kitu kimekuwa kama chai ya maziwa, mke wangu. Tangu mwaka jana."

Nikamuuliza kwa nini alinificha.

"Macho yakiisha, mimi ni Jicho wa nini?"

 Nilimwambia huenda ni mtoto wa jicho tu. Mama yangu alitolewa wake, akaona mpaka vumbi chini ya kabati langu. Hapo akacheka. Nikasema Jumatatu tunakwenda hospitali. Hakukubali, hakukataa.

Ijumaa, 14 Juni

Siku ya mwisho. Naandika nikiwa ukingoni mwa bwawa, miguu majini. Jicho amezama hadi shingoni, kama kiboko aliyestaafu. Nina furaha, na naona aibu kidogo kuwa nayo.

Asubuhi yote alinishika bega, mbele ya watu, bila kujificha. Kiongozi alituona. Alipunguza mwendo tu.

Sasa hivi ameomba nimtajie vilima kwa namba. Namba zote anazo kichwani, anajua kila moja ina matone mangapi ya nini. Nimeshika kadi. Kulia, 47. Amefumba macho, midomo inahesabu: kutu matone tisa, nyeusi mawili. Anasema anakiona. Kinachofuata, 12. Kisha 88. Anatabasamu.

Kile cha mwisho, chini ya wingu, hakimo. Nimegeuza kadi pande zote. Nimemwambia hakina namba.

Amefumbua macho, amekikazia.

"Basi kikariri," amesema. "Jumatatu nikitoka kwa daktari nitakuuliza."

Nakitazama. Kijivu, samawati tone moja – hapana, mawili. Wingu limesogea. Naanza upya.